Ukurasa Uliosema Hali ni ya Kawaida

Funga mlango, Mkubwa, halafu kaeni karibu yangu, wewe upande huu na mdogo wako Injinia upande ule, kwa sababu sauti imebaki kidogo na sitaki kuimaliza kwa kurudia maneno. Nimeomba kitanda kiletwe hapa kwenye chumba cha kazi, juu ya duka la fundi cherehani, si kwa ukaidi kama daktari anavyodhani, bali kwa sababu jambo ninalotaka kuwaachia lilianzia kwenye meza ile ya dirishani, na nataka mkinisikiliza muwe mnaiona.

Mali kwanza, tuimalize. Vyumba hivi viwili, mashine zote, jina la ofisi na kazi zote tulizosaini na wateja, nusu ni yenu ninyi wawili kwa usawa, na nusu ni ya mjomba wenu. Msigune. Najua mmekua mkisikia kwamba mjomba ndiye aliyefanya kosa lile la mto, na kwamba nilimtoa hapa kwa uchungu. Nyamazeni niwaambie, maana nikiondoka na jambo hili tumboni nitakuwa nimemzika kaka yangu akiwa hai.

Miaka kumi na minane iliyopita mamlaka ya maji ilitupa kazi ya kutengeneza ukurasa wa tahadhari kwenye mtandao. Wakifungua milango ya bwawa, ukurasa useme, na vituo saba vya pampu vilivyo chini ya mto vione, viwatoe watu kando ya maji. Kabla ya hapo mtu wa bwawani alikuwa akipiga simu kituo baada ya kituo. Mimi ndiye niliyekwenda kwenye kikao na koti langu jipya, nikawaambia kupiga simu ni kupoteza muda, ukurasa unatosha. Wakaniamini, wakamhamisha yule mtu wa simu.

Viwango vipya vya wavuti, zile kanuni za kuandika kurasa, vilikuwa ndiyo vimetoka, nami nilivipenda, na msidhani leo navikana. Ukurasa ulikuwa mwepesi, uliingia kwenye simu ndogo na kwenye kompyuta kubwa bila kuandikwa mara mbili, na hata asiyeona alisomewa na mashine yake bila kukwama. Zaidi ya yote, tulipumzika na viraka. Nusu ya siku zetu ilikuwa ikiliwa na vivinjari vya zamani, zile programu za kufungulia kurasa: unatengeneza kitu kinakaa sawa kila mahali, ukikifungua kwenye kivinjari kimoja cha enzi hizo kimepinda, unaweka kiraka, kiraka kinapasua kwingine. Vijana wazuri waliacha kazi hapa kwa kuchoshwa na viraka tu. Tena vivinjari vile waliovitengeneza walikuwa wameshavitelekeza, hakuna anayeziba matundu yake, mwizi anapita anavyotaka. Nikasema basi, anayetaka kutuona aweke kivinjari kipya.

Mjomba wenu alikuwa akikaa meza ile. Hakuvipinga viwango vipya. Huo nao ni uongo niliousema baadaye. Aliniuliza swali moja. “Dada, vile vituo vya pampu umevifikia?” Nikamwambia nimeona takwimu, wenye vivinjari vya zamani ni wawili katika kila watu mia wanaofungua kurasa zetu. Akasema, “Hao wawili ni akina nani?” Nikacheka, nikamwita Mlinzi wa Makumbusho mbele ya wafanyakazi wote, na jina likamganda. Kumbe alikuwa ameshapanda basi mpaka kituo cha nne, akakuta kompyuta itakayoonyesha ukurasa wetu ndiyo hiyo hiyo inayoendesha pampu, nayo ni ya kale, na programu ya pampu haikubali mashine nyingine, kwa hiyo hata wangetaka kivinjari kipya wasingeweza kukiweka. Aliniandikia hayo yote kwa mkono. Sikuyasoma mpaka mwisho.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo penye damu. Kwenye ukurasa wangu mpya, pale juu, niliandika “Hali ni ya kawaida”, ili pasikae patupu wakati programu inaamka kwenda kuuliza bwawa lina hali gani. Ikishaamka inayafuta maneno hayo na kuandika ukweli. Kwenye kivinjari kipya ni kufumba na kufumbua. Kile cha zamani hakikuielewa lugha mpya, programu ikafa kimya kimya, pasipo kosa lolote kuonekana, na maneno yangu yakabaki pale pale.

Siku ya kuuachia ukurasa hewani mimi nilikuwa mji mwingine, kwenye hafla, napokea tuzo. Nikampigia mjomba wenu auachie. Akasema, “Ningoje nivitembelee vituo vilivyobaki.” Nikamwuliza, “Ofisi ni yangu au ni yako?” Akauachia. Siku ya tatu mvua ikanyesha huko juu, wakafungua milango minne saa tatu asubuhi. Mwendesha pampu wa kituo cha nne akaona maji yamebadilika rangi, akaingia ndani, akafungua ukurasa, akasoma, akatoka. Akarudi akasoma tena. Tunajua kwa sababu seva yetu iliandika kila alipoufungua, mara tano ndani ya dakika ishirini. Mara tano mtu yule aliniuliza, na mara tano nikamjibu asiwe na wasiwasi. Akafa yeye pamoja na mafundi wawili waliokuwa wameshuka kusafisha chujio.

Nipe maji kidogo. Inatosha.

Tume ya uchunguzi ilipokaa iliuliza ni mkono wa nani ulioachia ukurasa. Mjomba wenu akaniangalia. Mimi nikaangalia karatasi zangu. Alingoja niseme, na alipoona sisemi, akasema, “Mkono wangu.” Wakamzuia kufanya kazi yoyote ya umma. Leo anatengeneza simu kwenye kibanda nyuma ya stendi, na macho yameanza kumtupa. Mimi nikabaki na ofisi na tuzo. Tangu hapo nikaandika ukurasa mwingine kwa mtindo wa zamani, unaosomeka hata na vivinjari vile, nikauweka hai pembeni ya ule mpya, nikautunza mwenyewe, nanyi mkaniona mama mzee anayeogopa mambo mapya. Sikuwa naogopa mambo mapya, wanangu. Nilikuwa nawaogopa watu watatu.

Basi wosia wangu juu ya kazi ni huu. Viwango vipya vifuateni, tena kwa moyo wote, lakini ukurasa uanze na maneno ambayo mashine yoyote inaweza kuyasoma, na mengine yote yaje juu yake kwa anayeyaweza. Pale ambapo mashine haijapata jibu, iseme haijui. Na msikifungie mlango kivinjari chochote cha zamani kabla mmoja wenu hajakwenda kwa miguu yake akaona ni nani amekaa mbele ya kioo. Kwa hiyo, Injinia wangu, ule mpango wako wa kuuondoa ukurasa wa zamani mwezi ujao, nataka kwanza...

Mbona unaangalia chini?

Unasemaje? Umeshauondoa jana?

Jana. Ulingoja nilale. Sikugombezi, sina nguvu hizo, na hukuambiwa ukweli, na mtu wa kukuambia alikuwa mimi. Nijibu jambo moja tu: pale juu, kabla programu haijaamka, umeandika nini? Sema kwa sauti, dada yako asikie.

Umeyanakili kwangu. Ungeyatoa wapi kwingine.

Asubuhi redio ya fundi hapo chini ilisema wanafungua milango miwili. Niliisikia, nikatulia, nikijua ukurasa wa zamani upo.

Inuka, Injinia. Kaa kwenye meza ile. Futa hayo maneno, andika: Hatujui hali ya mto, ondokeni kando ya maji, pigeni simu bwawani. Ni dakika mbili. Usilie sasa, utalia baadaye. Lakini mashine zile zimehifadhi ukurasa wa jana, hazitauona huu mpaka mtu aufungue upya, kwa hiyo wewe, Mkubwa, daftari la jalada la kijani, droo ya juu, namba za vituo vyote saba. Anza na cha nne.

Amepokea? Mwulize ukurasa unamwambia nini. Ndiyo. Mwambie unadanganya. Mwambie aache pampu, awatoe walioko chini, asirudi kuchukua koti wala kitu chochote. Haya, kinachofuata.

Nisikilizeni huku mkifanya kazi, mnaweza. Kesho nendeni kibandani kwa mjomba wenu, wote wawili. Msimwombe anisamehe. Mwambieni nimesema ilikuwa amri yangu, na kwamba maelezo yangu kwa mamlaka nimeshayasaini, yako kwa wakili, yasomwe hadharani, majina ya wale watatu yasomwe pia. Mrudisheni kwenye meza yake, na wewe, Injinia, utafute nyingine. Macho yake yakishindwa, msomeeni.

Cha tano wametoka? Shukuru Mungu. Cha sita?

Radhi zangu nawaachia zote, sibaki hata na moja. Mungu aibariki kazi yenu... isimdanganye mtu. Awape subira ya kuuliza... kabla ya kufunga. Mpendane. Wewe ni mkubwa, umwangalie mdogo wako, leo hasa... asije akabeba peke yake, kama nilivyomwachia...

Cha saba hakipokei?

Hapana, mwanangu, niache. Usinishike mkono. Pumzi hii inajua njia yake. Mkono huo ni wa simu. Piga tena.