Vueni Viatu: Maisha ya Aune Lahti wa Maktaba

Marehemu Aune Maria Lahti alizaliwa hapa Alanko, kaskazini mwa Michigan, tarehe 14 Februari 1949, mtoto wa kwanza wa mzee Toivo Kettunen, mchimba shaba, na mama Hilja. Mimi Irja ni mdogo wake, nami nimeombwa nisome wasifu huu kwa upole. Nitajaribu. Nyumbani kwetu, kama kwenu nyote, buti zilivuliwa mlangoni. Hata daktari aliyekuja kumzalisha mama, theluji ikiwa imefika madirishani, alivuliwa zake kwanza ndipo akaruhusiwa kupanda ngazi. Baba alisema mtoto wake alipokelewa na daktari wa soksi.

Alianza Shule ya Msingi ya Alanko mwaka 1955. Wakati huo shule haikuwa na maktaba. Ilikuwa na kabati, na ufunguo alikaa nao mwalimu mkuu. Dada alipoomba kitabu akiwa darasa la tatu, akaambiwa, "Kwanza ujifunze kunyamaza." Alirudi nyumbani analia kwa hasira. Mama akamkumbusha kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Akajibu, "Basi na livunjike!" Alimaliza sekondari hapa hapa, akahitimu ualimu kule Marquette mwaka 1971.

Septemba 1972 shule ile ile ilimwajiri kuwa mkutubi wake wa kwanza. Alipewa iliyokuwa stoo ya makaa ya mawe. Akaipaka rangi ya njano, akabandika amri moja mlangoni: VUENI VIATU. Alisema mtu aliyevua viatu hana haraka ya kuondoka. Lakini watoto wenye soksi zilizotoboka wakaanza kujificha chooni saa ya maktaba. Dada akafuma soksi za sufu, akaziweka kwenye kapu pale mlangoni, na yeye mwenyewe akawa wa kwanza kuvaa, mguu mmoja mwekundu, mwingine bluu. Baada ya wiki moja watoto wote walizitaka, na haikujulikana tena nani anazo kwao na nani hana.

Raha za kazi yake zilikuwa ndogo, na ole wako uzicheke mbele yake. Kunusa kitabu kipya kabla ya mtoto yeyote. Kupaka gundi kitabu kilichotafunwa na mbwa. Kumpa mtoto mtundu kuliko wote muhuri wa tarehe, agonge yeye. Na pale mtoto wa darasa la kwanza anaposoma mstari mzima peke yake, kisha anageuka kutazama nani kamsaidia, anakuta hakuna mtu. Kila Ijumaa alinipigia simu kunisimulia huyo wa wiki hiyo. Nilikuwa nachoka kumsikiliza, na leo ningetoa chochote simu ilie.

Alifunga ndoa na Reino Lahti, dereva wa gari la kuondoa theluji, tarehe 21 Juni 1975. Reino alikuwa ameingia maktaba na buti zake.

"Toka!"

"Dada, napasha vidole moto tu."

"Ndani ya buti zenye barafu? Vua!"

Alivua, akakaa mpaka kengele ya kwenda nyumbani. Walijaliwa binti mmoja, Mirja. Reino alitutoka mwaka 2011.

Februari 2014 Bwana Hobart, aliyekuwa mkuu wa shule za wilaya, alikuja kukagua maktaba ili ifungwe. Dada alimwonyesha lile tangazo. Mgeni akasema ana dakika chache tu. Kitoto kimoja cha kike, kimekaa sakafuni, kikamwambia, "Mzee, vua tu. Sisi wote tumevua." Akavua. Lo! Kidole gumba kilikuwa nje. Kile kitoto kikamletea kapu: "Chukua za kijani. Ndizo zina joto." Alikaa kipindi kizima, na maktaba haikufungwa. Bwana Hobart, usiiname huko nyuma. Nimekuona ukiingia, umezivaa.

Dada alistaafu mwaka 2015, kwa jina tu. Aliendelea kwenda kila siku bila mshahara. Novemba mwaka jana aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Januari bodi mpya ya shule ikatangaza mpango wa kuifanya maktaba chumba cha mitihani ya kompyuta. Nilidhani habari hiyo itamuua. Ng'o! Aliomba uzi.

"Dada, si upumzike?" nikamwambia.

"Nitapumzika sana, usijali. Lete sufu."

Alifariki nyumbani kwake Jumapili, tarehe 3 Machi 2019, kazi yake ya kufuma ikiwa juu ya blanketi.

Ameacha binti yake Mirja na mkwewe Carl, wajukuu Otto na Elina, mimi mdogo wake, na kila aliyemo humu aliyewahi kuingia chumba kile cha njano.

Kaburi, mnajua wenyewe, litasubiri Mei, ardhi iliyoganda kwa barafu ilainike. Bodi haisubiri Mei. Inaupigia kura mpango wake keshokutwa Jumatatu, saa moja jioni, mle mle maktabani, na tangazo bado liko mlangoni. Njooni nyote. Vueni, mkae, na asiinuke mtu. Dada amemfumia kila mjumbe wa bodi jozi yake. Kapu lile pale, karibu na jeneza. Soksi moja aliiacha haina kisigino. Nitaimalizia mimi, na Alanko nzima inajua sijui kufuma. Itambana mjumbe fulani. Na imbane.

Lala kwa amani, dada. Jumatatu tuachie sisi.