Kikapu cha Edild

"Mfalme ndiye aliyemuua askofu mkuu," alisema Edild, muuza jibini, tukiwa kwenye kivuko cha kwenda Canterbury kuhiji kaburini kwa marehemu.

"Acha hizo, mama," akajibu Hamo, tajiri wa sufu. "Mfalme alikuwa na hasira, akauliza mezani kama hakuna wa kumwondolea yule mtu. Askari wanne wakaenda wenyewe, wakamkatakata kanisani. Kosa la mfalme nini?"

Akakisukuma kikapu cha Edild kwa mguu. Jibini lilinuka, sikatai. "Hivi hakuna wa kuniondolea uvundo huu?"

Watumishi wake wawili wakainuka papo hapo, wakakitupa mtoni.

Kivuko kikagota ukingoni.

"Mimi sikuwatuma," alisema Hamo.

"Na mfalme alisema hivyohivyo," akajibu Edild, akashuka mikono mitupu.