Mwalimu Lukresia na Ng'ombe wa Ziwani

Wasikilizaji wapendwa, mwangaluka. Kama uko shambani, weka jembe chini kidogo. Kama uko jikoni, punguza moto, maharage yatakusubiri. Dakika hizi chache ni za Mwalimu Lukresia Ngassa. Narudia jina: Mwalimu Lukresia Ngassa, mwalimu wa sanaa. Alitutoka Jumanne ya wiki iliyopita akiwa na miaka hamsini na miwili, na Ijumaa tukamzika hapa hapa Bariadi.

Mimi ni Kristofa Nyanda. Leo siwezi kujifanya mtangazaji tu, kwa sababu mwalimu huyu alinifundisha. Mkisikia nacheka katikati ya msiba msinishangae. Ndivyo alivyotuzoesha.

Lukresia hakuzaliwa kwenye ng'ombe na pamba. Alizaliwa Lamadi, ziwani. Lamadi, kwa wavuvi. Lishikeni hilo, maana tutalihitaji sasa hivi.

Dada yake, mama Specioza, alinisimulia pale msibani. "Tukitoka shule tulikuwa tunaanika dagaa mchangani. Sisi wengine tunamwaga na kutawanya, basi. Lukresia yeye anawapanga. Mmoja mmoja! Anatengeneza ua, anatengeneza jua, anatengeneza bibi kabeba mtungi. Saa nane inafika, dagaa wetu wamekauka, wa kwake bado wanapangwa. Mayu, mama yetu, alikuwa anamkimbiza na ufagio pwani nzima." Mama Specioza alicheka mpaka akajifuta macho na ncha ya kanga, na mimi nikajifuta ya kwangu.

Alisomea ualimu Butimba, akafundisha Mwanza, na mwaka tisini na tatu akaletwa shuleni kwetu, sekondari iliyo kandokando ya njia ya mnadani. Sisi tulikuwa kidato cha pili. Aliingia darasani na chaki, akasema, "Leo nachora ng'ombe, mnyama wenu." Akachora. Mwili safi. Miguu safi. Mkia safi. Akafika kichwani. Akaweka masikio juu kabisa, utosini, halafu pembe zikatokea chini yake, kwenye mashavu.

Ewe mfugaji wa Mwandoya unayenisikiliza, najua umeshika mbavu.

Nikanyoosha mkono. Nikasema, "Mwalimu, huyo ng'ombe ni wa ziwani?"

Darasa likalipuka. Watu waliangua kicheko mpaka kidato cha tatu wakaja kuchungulia dirishani. Mimi nilishaanza kusugua viganja nikisubiri viboko. Mwalimu aliutazama ubao, akainamisha kichwa huku na huku, halafu akacheka kuliko sisi. Akanipa chaki. "Njoo baba, nionyeshe wa kwenu wanakaaje."

Wasikilizaji, nimechunga tangu nikiwa na miaka sita. Nilisimama pale ubaoni nikagundua sijui pembe inaanzia wapi! Nilichora kitu chenye sura ya toroli. Sasa nikachekwa mimi. Mwalimu akasubiri kelele ziishe, akasema, "Mimi nina sababu, nimekulia kwenye samaki. Wewe umekaa na hawa miaka kumi hujamtazama hata mmoja. Haya, sote wawili hatujui. Tujifunze."

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi tulikwenda lamboni, mahali ng'ombe wanakonyweshwa maji. Karatasi zetu zilikuwa mifuko ya saruji iliyokatwa. Kalamu zetu zilikuwa mkaa. Brashi tulitengeneza kwa nywele za mkia wa ng'ombe, rangi kwa udongo mwekundu na majivu. Tunakaa, tunatazama, tunachora. Siku ya kwanza wafugaji walituona tumekaa na makaratasi tunaikodolea macho mifugo yao, wakadhani tumetumwa kuhesabu ng'ombe kwa ajili ya kodi. Lambo lilibaki tupu kabla hatujachora hata kwato. Ikabidi Mwalimu aende nyumba kwa nyumba kueleza kwamba hatuhesabu, tunachora tu. Na watu waliona hilo la kuchora ndilo la ajabu zaidi.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mambo yalipoharibika.

Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa. Wanunuzi binafsi wa pamba waliingia, kila mmoja na mizani yake. Maduka yakaota barabarani, mashine za kusaga, saluni, na kila mwenye mlango akawa mfanyabiashara. Mwanzoni mwa mwaka tisini na tano mkuu wa shule akapeleka hoja kwenye bodi: uchumi umebadilika, chumba cha sanaa kigeuzwe darasa la biashara, somo la sanaa lifutwe. Sisi tulikuwa kidato cha nne. Lingefutwa, tungeingia mtihani wa taifa na somo pungufu, na Mwalimu Lukresia angehamishwa.

Aliyeunga mkono kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mjumbe wa bodi, Mzee Jilala, mfugaji mkubwa. Alisema, na maneno yake yalitufikia siku hiyo hiyo, "Nimsomeshe mtoto ili achore ng'ombe? Ng'ombe ninao!"

Mzee Jilala hakujua jambo moja. Binti yake, Nyanjige, alikuwa darasani kwetu. Nyumbani alikuwa amesema anasoma hesabu za biashara. Miaka miwili alikuwa anarudi nyumbani na mkaa vidoleni, akiulizwa anasema amesaidia kupika shuleni.

Bodi ikampa Mwalimu muhula mmoja aonyeshe faida ya somo lake. Mwalimu alikuja darasani, akafuta ubao taratibu, akauliza swali moja tu: "Mnada ujao ni lini?"

Akatupa kazi. Kila mmoja achore ng'ombe mmoja wa kwao. Alisisitiza: "Sitaki ng'ombe tu. Nataka yule." Na siku ya mnada, asubuhi, tukazitundika picha zote kwenye uzio wa minyaa wa shule, kando ya njia. Hatukuandika jina hata moja.

Jamani! Mtu wa kwanza alipita, akarudi nyuma. Wa pili akasimama. Mara nasikia, "Huyu si wa kina Mboje? Yule aliyeingia kanisani wakati wa ubatizo?" Mwingine, "Huyu nilimuuza mwenyewe, nilijuta." Watu walisahau mnada. Ng'ombe wa kuuzwa wamesimama njiani, wenyewe wanabishana mbele ya ng'ombe wa mkaa.

Ndipo akaja Mzee Jilala na fimbo yake. Akapita picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kwenye ya nne akasimama.

Ilikuwa picha ya maksai mwenye baka jeupe usoni na pembe moja iliyoinama. Jina lake Diwani. Walimwita hivyo kwa sababu alifanya kazi pale alipojisikia. Diwani alikuwa amekufa mwaka mmoja kabla, wakati wa ukame.

Mzee Jilala alivua kofia. "Huyu ni Diwani," akasema polepole. Halafu akakunja uso. "Lakini mmemkosea. Pembe yake iliyoinama ilikuwa ya kushoto. Hapa mmeiweka kulia."

Tukanywea. Tulijua tumekwisha. Mwalimu Lukresia akatugeukia. Alisema tu, "Aliyechora yupo. Nyanjige, njoo umjibu mwenyewe."

Nyanjige akatoka, akapiga goti mbele ya baba yake. Mzee akashangaa. "Wewe? Si unasoma hesabu za biashara?"

"Nisamehe, baba. Nasoma na sanaa." Akanyoosha kidole kwenye picha. "Ila pembe sijaikosea. Tukilima, wewe unashika plau, uko nyuma yake. Mimi namwongoza, niko mbele. Wewe ulimwona kwa mgongoni. Mimi nilimwona usoni."

Mzee Jilala aliegemeza fimbo yake kwenye uzio. Akainua kidole akakiweka upande wa kushoto wa kichwa chake, kama pembe. Akaitazama picha. Akageuka, akaipa picha mgongo, akageuka tena. Jirani yake naye akaweka kidole. Basi nikaona wazee kumi wa mnadani, watu wazima na makoti yao, wamesimama barabarani vidole kichwani, wanazunguka! Sijawahi kuona raha kama ile mpaka leo.

Mzee alipomaliza kuzunguka, macho yalikuwa yamejaa maji. "Kushoto kwake," akasema. "Kweli. Miaka kumi na miwili nimelima na ng'ombe huyu, na sura yake nilikuwa siijui. Wabeja, asante sana, mwanangu. Simama."

Akataka aipeleke picha nyumbani. Mwalimu Lukresia akamjibu kwa heshima zote, "Hapana, baba. Hii ni kazi yake ya shule, itakaa chumba cha sanaa. Wewe karibu uje kuitazama. Labda chumba kiwe kimefungwa, hapo sitakuwa na la kukuambia." Alikuwa mpole, lakini mjanja!

Kwenye kikao cha bodi Mzee Jilala alisimama mara moja tu. Alisema, "Chumba kile kisiguswe. Diwani yumo." Akakaa. Chumba hakikuguswa.

Miaka kumi na moja imepita. Vibao vingi mnavyovisoma mjini leo, vya maduka na vya mashine, vilichorwa na mikono iliyotoka chumba kile. Nyanjige naye alikwenda Butimba. Leo ndiye anayefundisha sanaa humo.

Binti wa marehemu, Gloria, aliniambia, "Hata alipokuwa hawezi kuinuka, mama alikuwa ananiambia nihame upande. Anasema, 'Leo kaa huku, jana nilikutazama upande wa sikio la kushoto.' Mpaka nilikuwa nacheka nikiwa na bakuli la uji mkononi."

Ijumaa, wakati wa kuaga, wazee walitengewa viti nyuma ya jeneza, kwenye turubai, wasichomwe na jua. Mzee Jilala sasa ni mzee kweli, anatembea kwa kushikwa. Wakamkalisha. Akakataa. Akampungia Nyanjige mkono na kusema, na wote tulisikia, "Nitoe huku nyuma. Nipeleke mbele. Mwalimu huyu sitaki nimuage kwa mgongoni."

Nyanjige akamwongoza, akatangulia hatua moja kama alivyokuwa akimwongoza Diwani. Mzee akasimama mbele, akavua kofia, akatazama muda mrefu. Hakuna aliyemharakisha.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote tuliofundishwa na Mwalimu Lukresia Ngassa, nampa pole mume wake, nampa pole Gloria, nawapa pole mama Specioza na ukoo wote wa Lamadi. Mungu ampumzishe. Asanteni kwa kutupa mtu huyu, na kwa dagaa wote waliochelewa kukauka.

Na wewe unayenisikiliza, leo jioni fanya jambo moja. Yuko mtu nyumbani kwako ambaye miaka yote unafanya naye kazi ukiwa nyuma yake. Mzunguke. Simama mbele yake, umtazame, wakati na yeye bado anaweza kukutazama.