Kengele ya Odelia Framke

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Odelia Framke wa Toledo, Ohio. Amefariki Jumanne, akiwa na miaka sabini na minne. Aliwachekesha mara elfu na sura yake hamkuiona hata siku moja.

Filamu zilipokuwa bubu, Odelia aliketi mbele ya pazia la sinema na ngoma, filimbi na kengele zake. Mchekeshaji akianguka kwenye filamu, yeye humpigia ngoma. Kisha filamu zikaanza kujisemea zenyewe, na ukumbi wa sinema ukamwachisha kazi. Mjane, na binti wa miaka tisa. Akapanda treni hadi Hollywood.

Huko alikuta studio ina kichekesho kisichochekesha. Mtu mnene anaporomoka ngazi. Walikuwa wamenasa sauti ya mwanguko wa kweli, mwili na mbao. Watu walipoonyeshwa, walishika midomo yao kwa hofu.

Bosi, Bwana Tuttle, akamwambia, "Mama, nafasi ni moja. Wakicheka, unabaki. Wakinuna, treni ya kurudi unaijua."

Binti yake, Lorna, anakumbuka: "Mama alisikiliza mara moja tu. Akasema, 'Bwana wee, hapa hamjaangusha mtu, mmeua!' Baba yangu alifariki kwa kuanguka kutoka juu ya paa. Mama alikuwa uani. Sauti ile aliijua."

Aliijua, wasikilizaji. Ndiyo maana aliitupa. Kila ngazi akaipa mlio wa kijiti cha mbao: tak, tak, tak. Mtu alipofika chini, kimya. Halafu kengele moja ndogo: ting.

Bwana Tuttle akang'aka, "Kengele inatoka wapi? Nyumba ile haina kengele!"

"Hiyo ndiyo inayowaambia kwamba mtu ni mzima," Odelia akajibu. "Wewe kaa, uone."

Jumamosi mchana ukumbi ulijaa. Tak, tak, tak. Kimya. Lorna akauficha uso kwenye sketi ya mama yake. Ting! Yule mnene akainuka, akajipangusa suruali, na ukumbi ukalipuka. Bwana Tuttle alicheka mpaka kofia ikamdondoka.

Odelia alibaki studio miaka thelathini.

"Jumamosi ile watu wanacheka, mama analia," anasema Lorna. "Nikamuuliza, mama, kulikoni? Akasema, 'Safari hii ameinuka, mwanangu.'"

Lorna, pole sana wewe na wanao. Nami nimemlilia, sifichi. Kengele yenyewe ninayo hapa mezani, umetuazima. Wasikilizaji wapendwa, kila mmoja wetu ana mtu wake aliyeanguka. Tumfikirie. Tunyamaze kidogo, kama alivyotufundisha.

Ting.