Mlango wa Vioo wa Khatib Nasor

Kijiwe chetu pale Wete kilikuwa ubao mmoja mrefu, ukutani kwa Mabruki muuza kahawa, na asubuhi ile ya mwaka wa thelathini na sita ulikuwa bado umelowa mvua ya vuli. Tulikaa wanne: mimi; Hamad, tuliyemwita Kadhi kwa kuwa hakuna jambo asilolihukumu; Matano, tuliyemwita Safari kwa kuwa aliwahi kufika Mombasa mara moja; na Khatib Nasor, mwenye shamba la karafuu njia ya Gando. Khatib alikuwa akimngoja Jaribu, seremala wa Mkoani. Alitaka kung'oa mlango wake wa mbao wa nyuma, atie wa vioo, wa pande mbili, unaofunguka katikati, kama wa nyumba za Wazungu. Jaribu angepanda meli kesho yake kwenda Unguja kununua vioo, kwa hiyo neno la mwisho lilitakiwa siku ile ile.

— Mlango wa vioo, yakhe! alisema Kadhi. Nyumba ya watu wa stara! Si bora ubomoe ukuta kabisa?

— Unaelekea uani, alijibu Khatib. Na ua una ukuta. Nani atachungulia?

— Mkwezi wa nazi. Akiwa juu kule anaona mpaka chungu kilichoko jikoni.

— Mkwezi hupiga hodi kabla ya kupanda.

— Hupiga. Na siku akisahau?

Safari alisogeza kikombe chake.

— Mkwezi si kitu. Jua je? Mombasa kuna nyumba ya tajiri mmoja, jua lilipita kiooni likaunguza zulia, zulia likaunguza kitanda, kitanda kikaunguza nyumba.

— Ulikuwepo? nilimuuliza.

— Nilionyeshwa kiwanja.

— Na radi, Kadhi akaongeza. Radi ikiona kioo hugeuza njia.

— Na mashetani! alidakia Safari. Shetani akijiona kiooni haendi zake tena. Hukaa pale pale akijitazama. Utamlisha wewe, Khatib?

Mabruki alicheka mpaka dele la kahawa likatikisika mkononi. Khatib hakucheka.

— Hebu tuambie, alisema Kadhi. Mlango wa mbao umekukosea vyereje?

Khatib alitazama chini.

— Nyumbani haamki, alisema.

Tulijua anamsema nani. Mkewe, Mwanakhamis, alianguka kisimani akavunjika nyonga, na habari zake tulikuwa tukiuliza kwa adabu tu, tunajibiwa hajambo, basi.

— Miezi saba yuko kitandani. Chumba kina giza. Nikifungua mlango, upepo na manyunyu yanamwingia, anakohoa mpaka asubuhi. Nikifunga, hajui hata kama kumekucha. Juzi aliniuliza kama mwembe wa uani umeshatoa maua. Uani hatuna mwembe. Ule ni wa kwao, Wingwi.

Mabruki alijaza vikombe bila kuombwa.

Baadaye Kadhi alizungumza, safari hii kwa upole.

— Basi weka kioo cha ukungu, ndugu yangu. Mwanga utaingia, na ntu haoni ndani. Stara umeihifadhi, mgonjwa umemridhisha.

— Hapo umesema, alisema Safari.

Khatib alifikiri kidogo.

— Haya. Cha ukungu.

Mambo yakawa yamekwisha. Jaribu alipofika, na futi yake ya mbao kwapani, aliambiwa hivyo hivyo. Aliitikia salamu zetu, akachutama mbele ya Khatib.

— Niambie jambo moja, Sheikh. Chini nitie mbao, juu kioo. Sasa kioo kianzie wapi? Akilala, macho yake yanafika wapi?

Khatib alimtazama Kadhi. Kadhi akatazama kahawa yake.

— Sijui, alisema Khatib.

Akainuka, akaenda zake.

Alirudi baada ya adhuhuri, kanzu imekunjana mgongoni, na uzi umefungwa fundo mkononi. Akampa Jaribu.

— Kianzie hapa, penye fundo, shibiri moja kutoka sakafuni. Na kisiwe cha ukungu. Kiwe cheupe.

— Mbona chini hivyo? aliuliza Kadhi. Na stara je?

— Nitatia pazia, atafunga mwenyewe kwa kamba, akitaka. Yeye kasema anataka kuwaona kuku.

Alikaa ubaoni. Mabruki alimpa kikombe, hakukinywa.

— Nililala pale pale, mahali pake, nikaweka kichwa kwenye mto wake. Unajua kinachoonekana? Komeo. Komeo la mlango, basi. Miezi saba naingia, natoka, nalifunga mimi.

Jaribu aliukunja uzi akautia mfukoni mwa shati.