Kisanduku cha Tatu

Kwenye kiti cha mbele yangu basini alikaa msoma mita za maji, mkono wa kushoto umefungwa bandeji, fomu ya ofisi ya kuchagua baiskeli ya kazi mapajani. Fomu ilikuwa na visanduku viwili tu, baiskeli ya lami na baiskeli ya porini, na ilitakiwa irudishwe kabla ya saa sita mchana.

"Nilitia tiki vyote viwili, wakanirudishia eti nimeiharibu!" alimwambia jirani yake, fundi baiskeli mwenye kucha nyeusi kwa grisi. "Baba, kila siku napita lami kilomita sita, kisha mchanga wa kando ya mfereji kilomita tatu. Nikifika mchangani nibadilishe baiskeli?"

"Chukua ya porini, binti yangu. Nitakufungia matairi yasiyo na meno."

"Na yale maspringi ya mbele, mazito kama jiwe la kusagia?"

"Basi ya lami."

"Ya lami ndiyo iliyonivunja mkono!"

Fundi alikuna kidevu. "Unayoitaka ipo, ya tairi la wastani, bila springi. Ipo kwenye duka lile lile ofisi yenu inakonunua. Ila wa ofisini hawaipiti njia yako; kitanda usichokilalia hujui kunguni wake."

"Basi waje wawahesabu hapa!" Aliinua bandeji, abiria wawili wakainamisha vichwa kuikwepa.

Basi lilipofunga breki aligeuka, akaniomba kalamu. Akitumia ukingo wa tiketi kama rula, alichora kwenye fomu kisanduku cha tatu, kilichonyooka kuliko vile vya ofisi, akaandika pembeni, "Njia ninayopita." Akatia tiki, akashuka na kalamu yangu.