Sauti ya Dada Redioni

Benchi letu limeegemea ukuta mmoja kati ya duka la kinyozi na duka la fundi redio. Kinyozi ni mimi. Asubuhi, wateja wakiwa bado wanapiga miayo makwao, Shangazi hutua birika lake la kahawa hapo na sisi husogea kama kuku walioitiwa mtama. Shangazi si shangazi wa mtu yeyote mtaani, ndiyo maana amekuwa wa wote. Mzee Sauti hukaa upande wa kivuli. Alisoma matangazo redioni mpaka akastaafu, na hadi leo akiomba sukari utadhani anatoa taarifa ya habari. Breki ni dereva wa teksi, na jina tulimpa kwa sababu mdomo wake hauna. Siku ninayoisimulia, Fundi alitoka dukani na bisibisi mkononi, akaketi bila salamu. Redio ya mteja ilibaki mezani kwake, mgongo wazi, imezimwa. Fundi kuzima redio! Ni sawa na mimi kukimbia nywele.

— Kulikoni, kaka? nikamuuliza.

— Mmelisikia tangazo jipya?

Nani hakulisikia? Kura ya sheria ya mirathi ilikuwa imekaribia, ile ya mtoto wa kike kurithi sawa na wa kiume, na redio ilirusha matangazo ya pande zote mbili, moja likimfukuza mwenzake. Asubuhi hiyo liliingia la mwanamke asiyetaja jina. Alisema: “Nilimuuguza baba yangu mpaka akakata roho mikononi mwangu. Tulipotoka kumzika, kaka zangu wakaniambia nitafute pa kwenda.”

— Ile sauti ni ya dada yangu, Fundi akasema. Tumbo moja.

Shangazi alikuwa anammiminia Breki. Kahawa ikafurika kikombeni, ikamchoma Breki vidole, naye kwa mara ya kwanza hakusema kitu. Haikudumu.

— Pole sana, ndugu yangu. Lakini wahenga walisema, damu nzito kuliko maji. Ndiyo maana haifai kupitishwa kwenye nyaya, itaziba.

— Redio ilipaswa kukataa, Fundi akasema. Hilo tu. Watangaze sabuni, watangaze magodoro. Mambo ya kuchonganisha watu wa nyumba moja wayakatae, yawe ya upande huu au ule. Mke wangu amelisikia. Wateja wamelisikia. Kaka yangu mkubwa amenipigia, anafoka kana kwamba mimi ndiye niliyelirusha.

Mzee Sauti akakohoa kidogo, vile alivyokuwa akikohoa zamani kabla ya saa kamili.

— Enzi zetu lisingepita. Tulikuwa na bosi, tukimwita Miwani. Kila tangazo alilisikiliza kwanza peke yake, mlango umefungwa. Akishaona litamfanya mtu mmoja atupe sahani, anakataa. Ndiyo maana watu walikaa sebuleni pamoja, baba, mama, watoto, mpaka jirani asiye na redio anasimama dirishani. Salamu za wagonjwa, matokeo ya mpira, sabuni, betri, basi. Nikisema “usiku mwema” najua kuna nyumba wanaitikia.

— Kwetu tulikuwa tunaitikia, nikasema, na ni kweli. Mama yangu alikuwa akikujibu, mzee: “Na wewe pia, mwanangu.”

Mzee Sauti akatazama chini. Nadhani ilimgusa.

— Kulikuwa na utulivu, akasema polepole.

— Kwa nani? Shangazi akauliza.

— Kwa wote.

— Mama yangu alinyang'anywa shamba katika utulivu huohuo, mzee wangu. Alilia jikoni huku redio inaimba habari za betri. Sahani haikutupwa, kweli. Nani angeitupa, na yeye ndiye wa kuokota vipande?

— Shangazi, hayo ni mengine.

— Haya, ni mengine. Mnataka sukari?

Breki alikuwa amekwisha kupata nguvu.

— Ninyi wote mnaangalia moshi, moto hamuuoni. Ukiona vyaelea vimeundwa, na ukiona vyasikika vimelipiwa! Hawa wa betri aliowataja mzee ndio wenye mpango. Watu wakigombana, kila upande unaacha redio wazi mchana kutwa usikie kama umetukanwa. Betri zinakwisha. Nani anacheka?

— Siku hizi redio ni za umeme, nikamwambia. Na nyingine zimo kwenye simu.

— Simu haina betri?

Hapo alinishika, lazima nikiri.

— Na si hilo tu, akaendelea, mikono yake yote miwili ikiwa hewani. Matangazo yanasafiri angani, sawa? La “ndiyo” linatoka huku, la “hapana” linatoka kule. Yanakutana wapi? Juu ya mapaa yetu! Yanagongana, cheche zinadondoka majumbani. Mimi na mke wangu tumegombana juzi kuhusu pazia. Pazia! Nani aliwahi kugombania pazia? Haba na haba huumiza nyasi. Mimi nasema redio irushe sauti ya mvua tu.

— Mkulima wa mpunga na mfinyanzi watagombana, Shangazi akasema. Mmoja ataitaka, mwingine ataikataa.

Tukacheka, hata Fundi alitaka kucheka, akajizuia.

— Penye wazee haliharibiki neno, Breki akasema akimgeukia Mzee Sauti. Tuamulie.

Mzee alisema redio ni kama sebule, na mwenye sebule ana haki ya kuchagua mazungumzo. Kisha akasema kwamba Miwani, katika uhai wake wote kazini, hakuwahi kumkatalia mtu tangazo bila kumwita ofisini na kumpa kiti, na kwamba baadhi ya waliokataliwa walitoka wakilia, na yeye Mzee akiwa nje anasubiri karatasi ya tangazo la sabuni. Tulidhani anaendelea, lakini alikuwa amemaliza.

— Kwa hiyo wakatae au wasikatae? Breki akauliza.

— Wakatae, Fundi akajibu badala yake. Nakwenda kituoni leo hii. Nitawaambia walitoe.

Kumbe kando yetu alikuwa amesimama dada mmoja tusiyemjua, amekumbatia pasi iliyoungua waya. Alikuwa anamsubiri Fundi na hakutaka kukatiza watu wazima. Alivyoona Fundi anainuka, akasogea.

— Samahani, kaka. Sijui habari zenu, nimekuja kwa ajili ya pasi. Alichosema dada yako redioni, ni uongo?

Hakuuliza kwa shari. Aliuliza kama mtu anavyouliza njia.

Fundi akamtazama Mzee Sauti, Mzee akatazama kikombe chake. Mimi ninamfahamu Fundi tangu utotoni. Mazishi ya baba yake nilikuwepo, na nyumba aliyoiacha najua inakaliwa na nani. Nikajifanya natafuta kitana mfukoni. Breki, Breki mwenyewe, alikuwa anachunguza vidole vyake vilivyoungua.

Fundi aliketi tena. Akaipokea pasi ya yule dada, akaiweka mapajani, akawa anaizungushazungusha.

— Nyumbani redio yetu ilikuwa haishiki vizuri, akasema, na hakuwa anamjibu mtu. Ya mbao, baba aliipenda kuliko kofia yake. Ikikwaruza ilibidi mtu asimame dirishani ashike waya wa antena kwa mkono. Akiuachia tu, inakwaruza. Basi aliyekuwa anasimama ni dada. Kipindi kizima. Sisi tumekaa mkekani na baba, tunamsikiliza mzee huyu hapa, tunacheka. Yeye anabadilisha mkono tu.

Akatoa simu. Tulimwona anatafuta jina, na ilimchukua muda, maana lilikuwa limeshuka chini sana kwenye orodha. Akapiga. Iliita. Sote tuliisikia ikiita, mpaka ikakatika.

— Labda yuko kazini, Breki akasema kwa sauti ndogo.

— Labda.

Akapiga tena. Ikaita vilevile.

Shangazi alitikisa birika, likatoa mlio wa mashapo matupu. Kwa kawaida hapo ndipo kila mtu hukung'uta nguo na kwenda zake. Nilikuwa na mteja tayari, amejifunga taulo mwenyewe, ananiita. Nilimwambia angoje. Shangazi alimpa yule dada wa pasi nafasi kwenye benchi, na Fundi akapiga mara nyingine.